Kabla ya kung'oa kabureta, panga kwanza njia ya mafuta

TAMASHA la Land Rover lililofanyika jijini Arusha Oktoba 2024 lilikusanya magari mengi ya zamani, na watu wa mjini wakajipatia picha. Kwa mkulima wa Karatu au mchuuzi wa mnadani Monduli, magari ya aina ile si maonyesho. Ni vyombo vya kazi. Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, bado inabeba maziwa, mbuzi na magunia ya maharage katika njia ambazo gari dogo la mjini halimalizi msimu mmoja wa mvua.

Tatizo la gari hili si bodi, ambayo sehemu kubwa ni aluminiamu, wala si chesisi, ambayo fundi wa kuchomelea anaimudu. Tatizo ni petroli. Injini yake ya asili ya cc 2,286 hulishwa na kabureta, na kabureta iliyochoka hunywa bila huruma. Ndiyo maana wapo wamiliki wanaoamua kuhamia kwenye EFI, yaani mfumo wa nozeli unaoongozwa na kontrolboksi. Baadhi hung'oa injini nzima na kuweka ya mtumba, kwa mfano ile ya Hiace ya lita 2. Wachache wenye uwezo hufunga vifaa vya EFI juu ya injini ileile ya Land Rover.

Makala haya hayahusu injini ipi ni bora. Yanahusu kitu kinachosahaulika wakati wa kupatana bei na fundi: namna mafuta yatakavyotoka kwenye tangi la zamani hadi kufika kwenye nozeli. Hapo ndipo fedha hupotea kimyakimya, na hapo ndipo gari linapoweza kuwaka moto.

Hesabu kabla ya spana

Tuanze na mfuko. Namba zinazofuata ni za mfano tu, msomaji aweke zake. Tuseme gari lako linatembea kilomita 1,000 kwa mwezi, na kwa kabureta mbovu linakwenda kilomita 6 kwa lita. Hapo unatumia lita 167. Ukiweka EFI likaenda kilomita 8 kwa lita, utatumia lita 125. Umeokoa lita 42 hivi. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni kama shilingi 125,000 kwa mwezi. Ikiwa kazi nzima imekugharimu shilingi milioni 4, fedha yako itarudi baada ya miezi 32. Si vibaya.

Lakini hesabu hiyo ina udanganyifu ndani yake, na mafundi hawaitaji kwa sababu haiwapi kazi. Umelinganisha EFI nzima na kabureta mbovu. Linganisha na kabureta iliyotengenezwa. Tuseme kwa shilingi 300,000 unaisafisha kabureta, unabadilisha gasketi na jeti zake, unaweka plagi mpya na kurekebisha moto, gari likafika kilomita 7 kwa lita. Matumizi yanashuka hadi lita 143. Kwa hiyo EFI inakuongezea akiba ya lita 18 tu juu ya hapo, sawa na shilingi 54,000 kwa mwezi, kwa gharama ya ziada ya shilingi milioni 3.7. Sasa fedha inarudi baada ya karibu miaka sita. Na kama gari linatembea kilomita 300 tu kwa mwezi, kutoka shambani hadi sokoni na kurudi, sahau kabisa. Tengeneza kabureta, fedha inayobaki nunua mbolea.

Anayefaidika ni yule ambaye gari lake halilali: anayekusanya maziwa kila asubuhi, anayepeleka nyanya sokoni mara nne kwa wiki, anayefuata minada. Kwa huyo kuna faida nyingine isiyoonekana kwenye lita, nayo ni kuwaka kwa uhakika asubuhi ya baridi na kutobadilika tabia anapopanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Hewa ya juu ni nyepesi; kabureta iliyorekebishwa bondeni huzidisha mafuta mlimani, wakati EFI inajirekebisha yenyewe. Lakini uhakika huo unapatikana tu kama mafuta yanafika. Yasipofika, gari la EFI halisumbui kidogokidogo kama la kabureta. Linazima.

Presha ya tairi inavyotusaidia kuelewa

Kila mwenye gari anajua upepo wa tairi. Tairi la gari dogo hujazwa 30 hivi kwenye geji ya PSI. Sasa chukua kipimo hichohicho. Pampu ya asili ya Land Rover, ile iliyofungwa ubavuni mwa injini na kusukumwa na kemshafti, hupeleka mafuta kwa presha ndogo sana, isiyozidi 5. Haihitaji zaidi, kwa sababu kazi yake ni kujaza tu bakuli la kabureta, na boya likipanda mlango unafungwa.

Nozeli za EFI katika injini nyingi za Kijapani za miaka ya 1990 zinataka kati ya 35 na 45, yaani presha inayozidi ya tairi. Tena zinaitaka bila kukatika. Pampu ya zamani haiwezi hata kuanza kazi hiyo.

Kuna tofauti ya pili ambayo naiona kubwa kuliko ya presha. Bakuli la kabureta ni ghala. Gari likiinamia upande, mafuta yakakimbilia kona ya tangi na mrija ukanyonya hewa kwa sekunde tatu, bakuli linaendelea kulisha injini na dereva hajui kilichotokea. Hewa iliyoingia hutokea juu ya bakuli. EFI haina ghala. Povu moja la hewa likifika kwenye nozeli, injini inakohoa. Yakifika mengi, inazima, na pampu ikiendelea kuzunguka bila mafuta inajila yenyewe, kwa kuwa mafuta ndiyo yanayoipoza na kuilainisha.

Magari yaliyozaliwa na EFI yana kuta au bakuli dogo ndani ya tangi linalozunguka pampu, ili mafuta yasiikimbie. Tangi la Series III halina. Na hapa lazima tuseme ukweli kuhusu tabia zetu. Wengi wetu hatujazi tangi. Tunaweka mafuta ya elfu ishirini, tunasogea, tunaweka tena. Mshale unakaa chini wiki nzima. Gari lenye tangi la lita 45 linatembea na lita 7, kwenye makorongo. Mfumo wowote wa mafuta unaopendekezwa kwa mkulima ni lazima uvumilie jambo hilo, hata kama vitabu vya mafundi wa Ulaya haviligusi.

Pampu ndani ya tangi

Njia ya kwanza ni kuiga kiwanda: pampu ya umeme inazamishwa ndani ya tangi. Ina sifa tatu nzuri. Pampu inapozwa na mafuta yenyewe, kelele haisikiki, na inasukuma badala ya kunyonya, jambo ambalo pampu za presha hupenda.

Ugumu uko kwenye tangi. Katika Series III fupi na katika pikapu ya 109, tangi kuu liko chini ya kiti cha dereva. Tundu la juu linaloshika geji ni dogo, kwa hiyo fundi atataka kukata tundu jipya na kuchomelea pete ya kushikia pampu. Tangi la petroli lililomwagwa ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke. Kuliacha juani siku mbili hakulifanyi kuwa salama. Mvuke hujificha kwenye maungio na ndani ya kutu. Kama lazima lichomelewe, lipelekwe kwa anayefanya kazi hiyo kila siku, mwenye njia ya kulisafisha kwa mvuke wa maji na kulijaza kitu kisichowaka kabla ya kuwasha moto. Binafsi ningemwambia mkulima atafute tangi jipya lililotengenezwa na tundu kubwa na kuta za ndani, au aende njia ya pili hapa chini.

Jambo jingine dogo: mpira unaotumbukia ndani ya mafuta si mpira wa kawaida wa mafuta. Mpira wa kawaida umetengenezwa kuvumilia petroli kwa ndani. Ukizamishwa, unalainika kwa nje na kupasuka. Unaofaa huandikwa SAE J30R10.

Pampu mbili na tangi dogo

Njia ya pili ndiyo naiona inafaa zaidi kwa gari la kazi. Tangi la zamani linabaki lilivyo. Pampu ndogo ya umeme ya presha ya chini inavuta mafuta na kuyapeleka kwenye tangi dogo la lita moja au mbili, refu na jembamba, lililofungwa nje kwenye chesisi. Chini ya tangi hilo dogo ndipo pampu ya presha kubwa inapovutia. Mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini yanaingia tena kwenye tangi dogo, na yanayozidi yanatokea juu kabisa na kurudi kwenye tangi kubwa, pamoja na hewa yoyote iliyonyonywa.

Kwa ufupi, umelirudisha ghala la kabureta kwa sura nyingine. Pampu ya kwanza ikinyonya hewa kwenye mteremko, haidhuru. Lita ile moja inatosha kukuvusha. Na pampu zote mbili ziko nje, hivyo ikifa moja porini, unaibadilisha kwa spana mbili bila kugusa tangi.

Aliyebaki na injini yake ya cc 2,286 anaweza hata kuiacha pampu ya zamani ifanye kazi ya kulijaza tangi dogo. Ina mkono wa kupampu na kikombe cha kioo kinachoonyesha maji na uchafu, na sijaona pampu ya kisasa yenye faida hiyo. Angalizo ni joto: tangi dogo lisikae karibu na ekzosi, na kamwe lisiwekwe ndani ya chumba cha abiria.

Ubaya wa njia hii ni wingi wa maungio. Kila ungio ni mahali pa kuvuja. Aidha, pampu ya presha ya nje hupiga kelele, na lazima iwe chini kuliko tangi dogo ili mafuta yaishukie yenyewe, na ikingwe kwa bati dhidi ya mawe na tope.

Zipo njia nyingine mbili ambazo nazipitia haraka. Moja ni kufunga pampu moja ya presha ya nje, ikivuta moja kwa moja kutoka kwenye tangi la zamani. Ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo ambayo fundi mwenye haraka atakupendekezea. Itafanya kazi vizuri tangi likiwa limejaa, kwenye lami. Nyingine ni ile ya EFI yenye nozeli moja au mbili mahali pa kabureta. Mifumo ya zamani ya Kimarekani ya aina hiyo ilitumia presha ya 10 hadi 13 tu, lakini vifaa vipya vinavyouzwa leo kwa sura hiyohiyo vingi vinataka 40 na zaidi. Asome karatasi ya kifaa kabla ya kununua pampu, asiamini sura yake.

Pampu iliyobaki Japani

Ukinunua injini ya mtumba yenye waya na kontrolboksi yake, ujue kwamba pampu kwa kawaida haimo. Ilibaki kwenye tangi la gari lililochinjwa. Kwa hiyo uliza mapema injini hiyo inatumia mtindo gani. Ya zamani kidogo ina regulata ya presha kwenye reli ya nozeli na paipu mbili, ya kwenda na ya kurudi. Mpya zaidi ina paipu moja tu, kwa kuwa regulata yake ilikuwa ndani ya tangi pamoja na pampu. Ukiikosa hiyo regulata, presha itapanda hadi pale pampu itakapoishia, na mpira ndio utakaoamua.

Kuhusu ukubwa wa pampu, wauzaji hupenda kukuuzia kubwa. Injini ya nguvu za farasi 100 ikikamuliwa yote hunywa lita 30 hivi kwa saa. Pampu ya gari la kawaida la lita 2 inayotoa mara mbili au tatu ya hapo inatosha kabisa. Kubwa kupita kiasi inakula umeme, inazungusha mafuta bure na kuyapasha joto.

Paipu ya kurudisha ipewe heshima sawa na ya kupeleka. Ikiwa nyembamba au imebonyea, mafuta yanakwama, presha inapanda, gari linakunywa. Wapo watu waliohangaika na sensa na kontrolboksi kumbe tatizo ni paipu iliyokunjwa chini ya kiti.

Mpira, waya na moto

Mpira wa kabureta usitumike kwenye presha ya EFI, hata kwa siku moja ya majaribio. Tafuta ulioandikwa SAE J30R9, na uufunge kwa klipu laini zinazobana mviringo mzima, si zile za meno zinazokata mpira. Mahali parefu tumia paipu ya chuma. Chujio ni mbili: lenye matundu makubwa kabla ya pampu, na la karatasi laini baada yake. Anayeweka la karatasi mbele ya pampu anainyima pampu pumzi. Kutu ya tangi la miaka arobaini italiziba ndani ya wiki. Safisha tangi kwanza.

Uchafu si kutu peke yake. Nchini kwetu neno uchakachuaji lilizoeleka sana miaka ya 2010 na 2011, hadi serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuyachanganya kusiwe na faida. Hata hivyo, petroli ya madumu na chupa vijijini bado ina maji na mchanga. Kabureta ingeyapitisha kwa kukohoa. Nozeli zina matundu membamba kama unywele, hazina uvumilivu huo.

Umeme nao una lake. Pampu ya presha hula ampea 4 hadi 8 muda wote injini inapowaka. Nyaya za asili za Land Rover hazikupangiwa mzigo huo. Vuta waya mnene mpya kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake na rilei. Kisha pima volti kwenye pampu yenyewe wakati inazunguka. Ikipungua zaidi ya nusu volti kuliko ya betri, tafuta ungio bovu. Pampu yenye njaa ya umeme hutoa presha pungufu, na lawama huangukia nozeli.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mmiliki alikague mwenyewe hata kama hajui kushika spana. Katika gari la kiwandani, kontrolboksi huwasha pampu kwa sekunde chache ufunguo unapogeuzwa, kisha inaizima kama injini haizunguki. Mafundi wengine, wakishindwa kuzipata nyaya hizo, huiunga pampu moja kwa moja na swichi ya ufunguo. Gari linawaka, kila mtu anafurahi. Lakini gari hilo likipinduka au mpira ukipasuka, injini inazima na pampu inaendelea kumwaga petroli kwa presha ya tairi, chini ya kiti alichokalia dereva. Jaribu hivi: geuza ufunguo bila kupiga stata, sikiliza. Pampu ikiendelea kuzunguka baada ya sekunde tano, usilipe fedha iliyobaki. Dai irekebishwe kupitia kontrolboksi, au iwekwe swichi ya kukata umeme gari linapogongwa, ambayo hupatikana kwenye magari ya mtumba kama Ford na baadhi ya Land Rover za baadaye.

Siku ya kukabidhiwa

Fundi awe na geji ya presha ya mafuta. Kama hana, hajajiandaa kwa kazi hii. Injini ikizimwa, presha isianguke papo hapo; kwenye Toyota nyingi kipimo ni ibaki juu ya 21 baada ya dakika tano. Kisha, nje kwenye hewa na mbali na moto wowote, mafuta ya paipu ya kurudi yakingwe kwenye chombo kwa nusu dakika, injini ikiwa imezimwa na pampu ikiwashwa na fundi kwa makusudi. Nusu lita ndiyo ya chini kabisa ya kukubali, kwani ni sawa na lita 60 kwa saa. Mwisho, peleka gari kwenye mteremko likiwa na mafuta kidogo na mzigo nyuma, si likiwa limejaa kama fundi atakavyotaka.

Kama injini imebadilishwa, namba yake haitalingana na kadi ya gari. Taarifa hupelekwa TRA ili kadi irekebishwe, na kampuni ya bima iambiwe, kwa sababu gari likiungua hiyo ndiyo karatasi ya kwanza watakayoiomba. Stakabadhi ya kununulia injini itunzwe kwa ajili hiyo. Na chini ya kiti kingine, kile kisicho na tangi, iwekwe rilei moja, fyuzi mbili, kipande cha mpira wa presha na klipu zake, pamoja na pampu moja ya akiba iliyokwisha kujaribiwa.